Gari la bei nafuu la mbio za kupanda milima kwenye lami na kukimbizia trakini (uwanja wa mbio za magari)

Chukua Mazda MX-5, gari dogo la michezo la viti viwili, ya kizazi cha kwanza, ile ya 1989 hadi 1997. Uzito wake ni karibu tani moja tu, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na vipuri bado vipo vingi. Wepesi ndio unaookoa pesa: gari zito lenye nguvu nyingi hula matairi na padi za breki kwa siku moja, na hapo ndipo bajeti za wengi hufia, si kwenye bei ya kununulia.

Kabla ya kulipa, chungulia kutu chini ya milango na karibu na magurudumu ya nyuma. Injini iliyochoka inabadilishwa. Bodi iliyooza achana nayo.

Usikimbilie turbo, kifaa cha kuongeza nguvu ya injini. Anza na matairi mazuri, padi zinazostahimili joto na mafuta mapya ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huanza kuchemka kuanzia nyuzi 230 hivi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na pedali inazama mguuni katikati ya kona. Hilo hutaki.

Ila kwa kuwa MX-5 haina paa gumu, waandaaji wengi wa mbio watakudai nguzo ya kukinga kichwa gari likipinduka, kwa hiyo soma kanuni zao kwanza. Ukiona ni gharama, Suzuki Swift Sport ya injini ya 1.6 nayo inatosha kabisa kujifunzia.