Kwa nini wali wa Kijamaika ulitoka mweupe na mkali

Ndugu, umeuliza kwa nini wali wa maharage wa Kijamaika uliowapikia rafiki zako ulitoka mweupe, tena mkali hata wageni wakaomba maji. Rangi yake hutokana na maji yaliyochemshiwa maharage mekundu, kwa hiyo usiyamwage: loweka maharage usiku kucha, badilisha maji, chemsha hadi yaive, kisha tia tui la nazi, thaimu, kitunguu saumu, majani ya vitunguu na punje chache za pimento, ambazo hufanana na pilipili manga lakini hunukia kama karafuu na mdalasini kwa pamoja. Mchele hufuata mwishoni. Pilipili yao, Scotch bonnet, ni ya jamii moja na pilipili mbuzi yetu. Huwekwa nzima juu ya wali, kikonyo kikiwapo, na kuopolewa kwa uangalifu kabla ya kupakua, kwani ikipasukia sufuriani hakuna wa kukuokoa. Nadhani yako ilipasuka. Na ukitaka kuula wali huo kwa kuku wa jerk, yaani kuku wa Kijamaika wa kuchoma mwenye viungo vikali, mpake viungo tangu jana yake, umchome taratibu juu ya makaa yenye moshi.