Muulize Fundi: Senta ya bure au kibanda cha jirani?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka mashariki mwa Kongo, nikaona bora niziweke pamoja. Wanaonifahamu wanajua nilikaa huko miaka kadhaa nafundisha vijana useremala na kuchomelea vyuma mpaka mgongo ukanikatalia, kwa hiyo nikikosea mtaniambia, ila sijibu vya kusoma tu.

BARUA YA KWANZA

Jambo Mzee Fundi. Mi ni mama wa watoto watano, niko Goma. Kijana wangu mkubwa ana miaka 19. Tulikimbia kutoka Rutshuru tukakaa kambini Bulengo mpaka kambi zilipovunjwa Februari 2025, na shule yake iliishia njiani. Sasa amepata nafasi mbili. Kuna senta inafundisha kushona nguo miezi sita, bure kabisa, na mwisho wanatoa karatasi na kiti, yaani mashini na mikasi. Halafu kuna jirani yetu wa sudire, yaani kuchomelea vyuma, anasema atamchukua mwaka na nusu ila tumpe dola kidogo kwanza, na karatasi hana. Mtoto anataka vyuma. Mi naona tukikataa cha bure tutakuwa wajinga. Aksanti kwa kunishauri.

JIBU

Mama, pole kwa safari yote hiyo. Kabla sijasema lolote mpe huyo kijana kazi ndogo. Atembee kutoka nyumbani mpaka soko la Virunga, wakati wa kwenda ahesabu cherehani anazozikuta barazani, wakati wa kurudi ahesabu mashine za kuchomelea. Na asihesabu mashine peke yake, aangalie wangapi wana kazi mkononi na wangapi wamekaa wanapiga stori na kupunga nzi. Nusu siku tu hiyo, na atarudi na jibu ambalo mimi niliye mbali siwezi kukupa.

Maana nikwambie kwa nini kila senta utasikia kushona, kushona, kushona. Mradi mwingi una mwaka mmoja, mwingine hata haufiki, pesa lazima iishe na ripoti iandikwe, cherehani ishirini zinaingia chumba kimoja, zile za kukanyaga hazitaki umeme, na miezi sita mtu kweli anaweza akashona sketi ikavalika. Karakana ya vyuma inakula umeme, inakula vyuma, inakula vijiti vya kuchomelea kila siku ya Mungu, na mwanafunzi wa miezi sita bado anatoboa bati badala ya kuliunga. Basi fani inachaguliwa kwa urahisi wa kuifundisha, mteja atatoka wapi mtajua wenyewe. Sierra Leone vita vilipoisha Januari 2002 walinyang'anya silaha wapiganaji zaidi ya 70,000, na wengi wakapelekwa kwenye fani zilezile chache, useremala, kushona, kupaka rangi mavitambaa, wakatoka na vyeti wakakuta mtaa mmoja una mafundi wengi kuliko nguo za kushonwa. Mimi mwenyewe nimeona darasa zima la wasichana na wavulana linahitimu siku moja, mji mmoja, kila mtu na cherehani yake, na Jumatatu yake wote wanamtafuta mteja yuleyule.

Sijasema kushona ni kazi ya bure. Anayejua kukata suti, au kushona yunifomu za shule kwa jumla, huyo halali njaa. Ila huyo hakutoka kwenye miezi sita, alikaa kwa fundi.

Sasa jirani yako. Goma ni mji wa kujengwa na kujengwa tena, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002, ikatoka tena Mei 2021, halafu mapigano ya Januari 2025 yakavunja milango na mabati. Kila anayerudi kwake anataka mlango wa chuma na nondo dirishani, na hao motari wenu, wa pikipiki za abiria, kila wiki wanavunja keria. Kazi ya vyuma ipo. Swali la kumuuliza jirani ni moja: umeme ukikatika anafanyaje? Umeme wa kampuni ya Virunga unashuka kutoka kituo cha maji cha Matebe kule Rutshuru, kilifunguliwa 2015, na nyaya zake zinapita hukohuko mlikokimbia nyie, kwa hiyo vita vikisogea nyaya zinaguswa na mji unalala giza. Kama ana jenereta na anajua kumkatia mteja bei yenye mafuta ndani, huyo ni fundi wa vita, mchukueni. Kama umeme ukizima na yeye anazima, mtoto wako atajifunza kucheza karata.

Mengine yote yaandikwe, tena mbele ya shahidi, nyumba kumi au mchungaji au yeyote mnayemheshimu wote wawili. Hapa ndipo wazazi wanaumizwa sana, wanatoa hela yote siku ya kwanza halafu mtoto anafagia mwaka mzima na kuchota maji ya mke wa fundi. Lipa nusu, nusu nyingine akishafika pale mlipokubaliana. Na pale mlipokubaliana pawe panaonekana kwa macho: mwezi wa tatu anakata na kupiga grenda mwenyewe, mwezi wa sita anaunga fremu ya dirisha na pembe zinakaa sawa, mwezi wa kumi na mbili anachukua vipimo kwa mteja na kusema bei. Baada ya mwaka apate chochote kwenye kila kazi, hata kidogo, maana kijana wa miaka ishirini asiye na hata franga ya sabuni, mtaani kwenu kuna watu wengine wanaotafuta vijana, na wewe unajua nawasema kina nani.

Na kioo cheusi usoni, mama, hilo halina mjadala. Mwangaza ule wa kuchomelea ukikuchoma husikii kitu palepale, unasikia usiku umelala, macho kama yamejazwa mchanga. Vijana wanageuza uso pembeni wanachomelea kwa kukisia, wanaona ndio ujanja. Halafu mabati yenye zinki moshi wake unaleta homa, wachomelee nje penye upepo, na ile habari ya kunywa maziwa kuosha kifua ni maziwa tu, yanywe kama una njaa.

Karatasi. Mteja wa dirisha hataki karatasi, anataka kuliona la jirani. Karatasi inatakiwa na makampuni na mashirika, na kijana akishaiva anaweza kuitafuta baadaye kwenye taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, INPP, ambayo ipo tangu 1964, au kwa watawa Wakatoliki, Wasalesiani wa Don Bosco, pale Ngangi, ulizeni kama sasa hivi mlango uko wazi. Ila jaribu kitu kimoja kabla hamjaikataa hiyo senta: nenda uwaulize kama wanaweza kumlipia mafunzo kwa fundi wa mtaani badala ya darasani, na kiti chake kiwe cha vyuma. Miradi mingine inafanya hivyo. Wakikataa umepoteza asubuhi moja.

Na hicho kiti, jamani, nacheka kila nikiandika. Kinaitwa kiti na wengi wakishakipata kweli wanakikalia.

BARUA YA PILI

Shikamoo Fundi. Niko Beni, miaka 24. Nilisoma ufundi wa pikipiki miezi tisa kwenye mradi fulani, nikapewa boksi la vifaa. Miezi miwili baadae nikaliuza. Mama aliumwa, halafu sikuwa na mahali pa kufanyia kazi na tulipewa boksi moja watu watatu. Sasa wakinikuta barabarani wale wa mradi najificha. Nimeharibu?

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Acha kujificha. Boksi moja watu watatu, bila kibanda, bila hela ya kula wiki mbili za kwanza, hilo lilishauzwa siku lilipotolewa, wewe ulibeba tu. Mama alipona? Basi boksi limefanya kazi.

Ngoja nikupe mfano wa jirani. Kaskazini mwa Uganda, baada ya vita vya waasi wa LRA, mwaka 2008 serikali ilifanya kitu ambacho watu walikitilia mashaka: vijana wajiunge vikundi, waandike wanataka kusoma fani gani na kununua vifaa gani, halafu wapewe pesa yenyewe mkononi, wastani wa dola 382 kwa mtu, bila mtu wa kuwasimamia. Watu walisema watalewa. Wengi walienda kweli wakalipa mafunzo na wakanunua vifaa, cherehani, vifaa vya useremala, vya saluni, na miaka minne baadae kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko wenzao walioomba wakakosa kwenye bahati nasibu. Ila watafiti walirudi tena baada ya miaka tisa wakakuta wale waliokosa nao wameshafika, kipato kimekaribiana, ingawa waliopata walibaki na mali na vifaa zaidi. Mimi hapo nachukua mambo mawili. Pesa na vifaa vikija pamoja na fani kijana anaruka haraka. Na aliyekosa sio kwamba ndio amekufa, anafika, anachelewa tu. Wewe sasa uko kwenye kundi la wanaochelewa, na tena una miezi tisa ya ufundi kichwani ambayo hakuna aliyeinunua.

Fanya hivi. Nenda kwa fundi mwenye kijiwe cha pikipiki, usimwambie unataka kazi, mwambie utakuwa unafungua injini kwa vifaa vyake na yeye achukue sehemu kubwa ya malipo. Mafundi wanachukia kufungua injini wakiwa peke yao wakati wateja watatu wanapiga kelele, atakubali. Hela yako ya kwanza nunua spana, sio boksi zima. Pikipiki za kawaida utazifungua karibu zote ukiwa na namba 8, 10, 12, 14 na 17, na spana ya plagi. Anza na 10, hiyo ndio inayopotea kila siku duniani kote. Ingieni likelemba, mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu, na vijana wenzako wa hapo kijiweni, kila wiki mmoja anapokea, zamu yako ikifika unanunua chombo siku hiyohiyo kabla jua halijazama, maana benki ya mtu mwenye ndugu wengi ni chuma, akija mtu kukopa anakuta spana.

Na wale wa mradi ukiwaona wasalimie tu. Waambie boksi liliuzwa na sababu zake, huenda mwaka ujao wakagawa la mtu mmoja mmoja.

BARUA YA TATU

Naomba jina lisitoke. Nina miaka 17, niko Ituri. Nilichukuliwa na kundi nikiwa na miaka 13, nilitoka mwaka jana, nina mtoto. Senta inataka kuniandikisha lakini darasa letu wametuweka sisi tu tuliotoka msituni, mtaa mzima unaliita darasa la waasi. Pia nilikuwa sina silaha, nilikuwa napika, mtu mmoja akasema sistahili.

JIBU

Binti yangu, huyo aliyesema hustahili amekosea kabisa. Kanuni za Paris za 2007, ambazo mashirika yote yanayoshughulika na watoto waliotumikishwa vitani yanatakiwa kuzifuata, zinasema mtoto ni mtoto awe alibeba bunduki, alipika, alibeba mizigo au alifanywa mke, na hatakiwi kuleta silaha ndio asaidiwe. Wasichana wengi sana wamepotezwa na hilo la silaha. Ukikutana naye tena nenda na mtu mzima unayemwamini, mtaje hizo kanuni, atanyamaza.

Darasa la peke yenu nalo sio sawa, kanuni hizohizo zinataka msaada uchanganye na watoto wengine wa mtaani wenye shida, hasa ili msinyooshewe vidole. Ombeni mchanganywe. Wakisema haiwezekani, uliza kuhusu fundi mwanamke wa nje akuchukue, saluni au uashi au kupiga rangi, vyovyote moyo wako unavyotaka. Uashi usiuogope, ila wewe bado hujafika 18 kwa hiyo kupanda juu ya jukwaa na kubeba saruji hapana, lakini kupanga tofali na kupiga lipu chini unajifunza vizuri. Kabla hujaandikwa popote uliza mtoto atakaa wapi ukiwa darasani. Senta isiyokuwa na jibu la hilo, wasichana wake wanaacha katikati na kwenye ripoti wanaandikwa watoro.

Na mteja ukimsuka sio lazima ajue ulikotoka. Muulize watoto wake wazima, msuke, chukua hela yako.

YA MWISHO, FUPI

Mjomba, nina miaka 31, Bukavu. Kila tangazo la mafunzo ni la vijana. Mi ni kijana au mzee?

Inategemea nani analipa, mpwa wangu. Umoja wa Mataifa kwenye takwimu zake unahesabu 15 mpaka 24, azimio 2250 la Baraza la Usalama la 2015 linasema 18 mpaka 29, na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unakwenda mpaka 35. Mradi wa Kiafrika bado wewe ni kijana. Soma tangazo mpaka chini kule maandishi madogo, kama wameweka 35 peleka barua kesho asubuhi, mapema, kabla foleni haijafika barabarani.