Ukiwa Chennai, Tenga Siku Moja ya Kanchipuram

Wengi wetu tunaofika Chennai, India, tunaletwa na hospitali. Tunamsindikiza mama, kaka au mtoto, na kati ya kipimo na majibu kuna siku ambazo hakuna la kufanya ila kukaa gesti na kuhesabu rupia zilizobaki. Ikiwa mgonjwa wako ana mtu wa kubaki naye, ondoka alfajiri uende Kanchipuram. Ni kama kilomita 75 tu. Wahindu wanauhesabu mji huu kati ya miji saba mitakatifu, pamoja na Varanasi, Ayodhya, Mathura, Haridwar, Ujjain na Dwarka, na kati ya hiyo saba ni huu pekee ulioko kusini mwa India.

Nasema alfajiri kwa sababu mahekalu mengi hufungwa mchana na kufunguliwa tena kwenye saa kumi hivi. Halafu viatu vinaachwa nje, na jua la jimbo hili la Tamil Nadu likishayapiga mawe ya uani, nyayo hazivumilii. Ukishuka, kodi bajaji ya nusu siku, mpatane bei kabla hujapanda, na umwambie dereva waziwazi kwamba habari za maduka ya sari ni baadaye. Utaambiwa mji una mahekalu elfu. Chagua matatu, uyape muda.

Anza na Kailasanathar, na kama nguvu zako zinatosha hekalu moja, basi liwe hilo. Liko pembezoni mwa mji na kwa kawaida halina msongamano. Lilijengwa kama mwaka 700 na mfalme Narasimhavarman wa Pili wa ukoo wa Pallava, ambao mji mkuu wao ulikuwa hapa. Zunguka ua wake taratibu. Ukutani kumejengwa vijihekalu 58 vilivyopangana, na katika baadhi yake bado yamebaki mabaki ya michoro ya rangi iliyopakwa zamani hizo. Simba wamesimama kwa miguu ya nyuma, wamebeba nguzo. Shiva, mungu anayeabudiwa hapa, amechongwa akicheza ngoma yake, kwingine ameketi akifundisha. Ndani, kukizunguka chumba kitakatifu, kuna njia nyembamba sana. Waumini hutambaa kuingia na kutoka, kwa imani kwamba anayeipita huepushwa na mzunguko wa kuzaliwa tena.

Usiondoke kabla hujaonyeshwa maandishi ya Vikramaditya. Huyu alikuwa mfalme wa Chalukya, mahasimu wakubwa wa Pallava, na katika karne ya 8 aliuteka mji huu. Hekalu hakulipora. Aliirudisha dhahabu yake, kisha akaagiza habari hiyo ichongwe kwa Kikannada, lugha ya kwao, kwenye nguzo humo humo. Maandishi yapo hadi leo. Mkewe, Malkia Lokamahadevi, alijenga kwao Pattadakal hekalu la kuadhimisha ushindi ule, na ujenzi wake umefuata sana mfano wa Kailasanathar. Nilisimama mbele ya nguzo ile muda mrefu. Nimeona miji mingi ikitekwa kwenye taarifa ya habari, lakini mshindi anayerudisha mali ya aliyeshindwa, na kuacha jengo lake likisimama, nilimkuta pale.

Kutoka hapo nenda Ekambareswarar, na hapa jiandae kwa watu wengi. Sisi tuliozoea mahekalu ya Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, tunashangaa, maana huku kusini lango, lililojengwa kama mnara, ndilo linalotawala. Hili lina urefu wa kama mita 59, na lilijengwa na mfalme Krishnadevaraya wa Vijayanagara mwaka 1509. Shiva huabudiwa humu kwa umbo la ardhi, kwani kuna mahekalu matano ya asili tano: ardhi, maji, moto, upepo na anga. Husimuliwa kwamba mungu mke Parvati alifinyanga lingamu, yaani nguzo fupi inayomwakilisha Shiva, kwa mchanga chini ya mwembe, mto ukafurika, naye akaikumbatia isisombwe. Ndiyo maana lingamu hiyo haimwagiwi maji.

Mimi ni Muislamu, na swali ninaloulizwa zaidi na ndugu zangu ni namna ya kuingia. Ingia kama mgeni. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Mahekalu mengi ya Tamil Nadu hayaruhusu asiye Mhindu kupita mlingoti wa bendera kuelekea chumba cha ndani, kwa hiyo soma vibao, na mlinzi akikuzuia usibishane naye. Hata sisi tuna mipaka yetu. Ukiletewa jivu la kupaka kwenye paji la uso na hutaki, weka mkono kifuani na utikise kichwa kwa upole. Hakuna aliyenikasirikia. Kamera iache mfukoni palipo na watu wanaosali, hata kama wengine wanapiga picha.

La tatu ni Varadharaja Perumal, hekalu la mungu mwingine mkuu, Vishnu. Katika ukumbi wake wa nguzo mia utaona minyororo ya mawe, pete ndani ya pete, iliyochongwa kutoka jiwe moja bila kiungo. Chini ya maji ya bwawa la hekalu hulazwa sanamu ya Vishnu iliyochongwa kwa mbao, iitwayo Athi Varadar, ambayo hutolewa mara moja kila miaka 40, kwa siku 48. Mara ya mwisho ilikuwa Julai na Agosti 2019. Wazee waliokwenda walijua hawataiona tena, kwa sababu zamu nyingine ni 2059.

Sari sasa. Hariri ya Kanchipuram ni ghali kwa haki: pindo na mwili wa nguo huwa na rangi tofauti, nyuzi zake zikafungamanishwa palepale kwenye kitanda cha kufumia, kazi ya mfumaji na msaidizi wake. Geuza nguo uangalie maungio hayo kwa nyuma. Nunua kwenye duka la chama cha ushirika cha wafumaji, ambako bei imeandikwa, na udai risiti. Ukiingia duka ulilopelekwa na dereva, kamisheni yake imeshaongezwa juu ya bei yako.