Tulivyoleta Family Feud sebuleni

Mara ya kwanza mchezo ulikufa ndani ya dakika kumi. Ilikuwa Krismasi, tumerudi Moshi, nyumba ya baba mkubwa imejaa hadi barazani, na mimi nimekuja na maswali niliyoyachapa kutoka intaneti. Nikasoma kwa mbwembwe: taja chakula cha siku ya Thanksgiving. Shangazi akanitazama. "Hiyo sikukuu ya wapi, baba?"

Family Feud, mchezo wa familia mbili kushindana kukisia majibu, ilianza kwenye televisheni za Marekani mwaka 1976, na maswali yake huulizwa kwanza kwa watu 100. Mchezaji hatafuti jibu sahihi. Anatafuta lile lililotajwa na wengi, maana kila aliyelitaja ni pointi moja. Sasa kama waliojibu ni Wamarekani, shangazi atawajulia wapi?

Mwaka uliofuata nilianza wiki tatu kabla. Niliuliza watu 50 na kila mmoja nikamhesabia pointi mbili, hesabu ikatimia 100 bila kusumbua mji mzima. Wauza nyanya sokoni, fundi cherehani, majirani, bodaboda wa kijiweni. Muulize kila mtu peke yake. Pale kijiweni, kwa swali la kuazimana vitu, wa kwanza alisema "chaja", na wenzake sita nao wakasema chaja, ikabidi niwafute wote. Kwa WhatsApp, wakujibu pembeni, siyo kwenye grupu. Na watakaocheza usiwaulize kabisa.

Kazi inayochosha ni kuunganisha majibu. Ndoo na beseni ni jibu moja au mawili? Mimi sikuamua mapema, na ugomvi wake ulitaka kuharibu pilau. Siku hizi chini ya kila jibu naandika kwa penseli yote ninayoyakubali. Jibu la mtu mmoja tu nalitupa.

Vifaa ni vichache. Majibu yaandike kwenye manila, kila moja lifunike kwa karatasi iliyoshikwa na gundi juu tu, ili uifunue. Kengele tulijaribu sufuria na miiko miwili, tukabishana nani kagonga kwanza. Weka mwiko mmoja katikati ya meza: aliyeunyakua ndiye anayejibu.

Sheria ya makosa matatu usiiguse. Timu ikikosea mara tatu, wapinzani wanatoa jibu moja, wakipatia wanabeba pointi zote. Hapo ndipo hata baba mkubwa huacha simu. Ule mzunguko wa mwisho wenye saa, ambao mchezaji wa kwanza hupewa sekunde 20 kwa maswali matano, sisi tunatoa 40. Wazee hawakuja kukimbizwa.

Swali lililonipa raha lilikuwa hili: taja kitu ambacho jirani huazima asirudishe. Vijana wa Dar walimaliza chaja, mwavuli na pasi, wakakwama, makosa matatu. Zamu ikaja upande wa bibi. Wajukuu wakamnong'oneza "spika", "tochi". Akawatikisia kichwa.

"Ungo," alisema.

Sebule nzima ikacheka. Ungo, mwaka huu? Nikafunua karatasi ya tatu: wanawake wa sokoni walikuwa wameutaja, pointi 14. Bibi hakushangilia hata kidogo. Alimgeukia shangazi aliyekuwa timu ya pili, akamwuliza taratibu, "Na wangu je?"