Wimbo Wako Uimbe Gizani Kwanza

Miaka yetu ya mwanzo hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, bendi ilifanya mazoezi siku zenye umeme tu. Ukikatika, kila mtu alibeba gitaa lake akaenda kwao. Tulipoteza miezi mingi hivyo. Mdogo wangu, wewe unayeanza kupiga panki, ile roki ya kasi na kelele, Lubumbashi leo, usipite njia ile.

Kilichonifungua macho ni onyesho moja katika lupango, yaani ua wa nyumba, la rafiki. Tulikodi grupu, yaani jenereta, tukamimina mafuta, na katikati ya wimbo wa pili likazima. Mpiga ngoma hakusimama. Nikapanda juu ya kreti, nikaimba kwa koo tupu, na watu waliojaa uani wakashika kiitikio. Tulijaribu nyimbo zote nane gizani. Tatu zilidumu. Tano zikafa pale pale, maana bila ile pedali ya kukwaruza sauti hazikuwa na maneno ya kushika wala mdundo wa kuchezeka. Usiku ule nililala na huzuni, lakini zile tano tulizitupa na sijazirudia.

Tangu hapo, wimbo mpya tunaujaribu kwanza kwa gitaa kavu, lisilo la umeme, na ngoma iliyofunikwa blanketi. Wala si jambo geni katika ardhi hii. Mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda aliporekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, alikuwa na gitaa kavu, dole gumba na kidole cha shahada. Muziki wake ni mwingine kabisa na wetu, ila gitaa lake linajaza chumba. Msikilize.

Kuhusu kurekodi, usisubiri studio kubwa. Sisi tuliweka simu juu ya kabati, mbali na ngoma, mlangoni tukatundika vitenge viwili. Buzzcocks, bendi ya panki ya Manchester, Uingereza, walikopa kiasi cha pauni 500, wakarekodi kwa siku moja, na Januari 1977 wakatoa wenyewe santuri yao ya kwanza, nakala 1,000. Hakuna kampuni iliyowashika mkono. Kukopa, hata hivyo, mimi sikushauri. Mchana natengeneza simu, na hela ya bendi inatoka hapo.

Mama mwenye lupango mwendee kabla hajakufuata. Mweleze mnaanza saa ngapi na mnamaliza saa ngapi, kisha mheshimu muda huo hata kama wimbo umenoga. Wetu siku hizi hutuletea maji.

Na umeme ukirudi, kumbuka masikio. Kwenye desibeli 100, kipimo cha ukali wa sauti, ambazo chumba kidogo chenye ngoma na spika huzifikia kwa urahisi, wataalamu wanashauri usizidishe dakika 15 kwa siku bila kinga. Sikio langu la kushoto linalia filimbi kila usiku, miaka sita sasa. Vizibo vya masikio vinunue kabla ya pedali.