Breki Ngumu Kama Tofali? Anza na Kivalvu cha Kwenye Paipu

Tulikuwa tunapandisha kutoka Mombo kwenda Lushoto, gari limejaa watu na mizigo, mguu wangu muda wote uko kwenye mafuta. Kabla ya Soni mbuzi wakakatisha barabara. Nikakanyaga breki, pedali ikagoma. Haikuzama, ilisimama ngumu kama nimekanyaga tofali. Nikakanyaga tena kwa nguvu zote, ikalainika ghafla, gari likasimama. Mbuzi walipona. Shemeji aliyekaa mbele hakusema neno mpaka tunafika.

Fundi wa kwanza akasema masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu. Nikanunua, ikafungwa, hali ileile. Wa pili akasema haidrovaki, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, imekufa, nitafute nyingine ya mtumba. Wa tatu, mzee asiye na maneno mengi, alichomoa paipu nene ya haidrovaki, akafuta kitu fulani cha plastiki kwa kitambaa, akanipa. "Puliza huku, mwanangu. Haya, geuza, puliza na huku." Hewa ilipita pande zote mbili. Akacheka. Kumbe ile ni valvu ya njia moja, na kazi yake yote ni kukataa upande mmoja.

Pedali inayozama taratibu ukiwa umeikanyaga ndiyo inayomshtaki masta silinda. Pedali ngumu ni kesi nyingine kabisa, nami nililipa ada ya kujifunza hilo.

Haidrovaki, wengine huiita busta au servo, ni lile dude jeusi la duara nyuma ya masta silinda, upande wa dereva. Nguvu yake inatokana na injini kufyonza hewa iliyomo ndani yake. Injini ya petroli hufyonza vizuri ukiwa umeachia mafuta. Ukikanyaga mpaka chini, mfyonzo kwenye menifodi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, unapotea karibu wote. Hapo ndipo valvu inapofunga na kutunza akiba ya mfyonzo ndani ya haidrovaki. Yangu ilikuwa haifungi, kwa hiyo kila mlima ulikuwa unaikomba akiba yote, na kanyago la kwanza baada ya kuachia mafuta nilikuwa nalipiga kwa misuli yangu tu. Kwenye gari la tabo ni muhimu zaidi, maana tabo ikishika, menifodi husukuma badala ya kufyonza.

Kuipata si kazi. Fuata paipu nene ya mpira inayotoka kwenye haidrovaki kwenda kwenye menifodi. Mara nyingi valvu imechomekwa palepale kwenye haidrovaki, kwenye mpira wa duara, ina umbo la kiwiko. Toyota nyingi wameiweka katikati ya paipu, na ina mshale. Mshale lazima uelekee injini. Ukiigeuza wakati wa kufunga, huna msaada wa breki kabisa. Magari mengine imefichwa ndani ya paipu yenyewe, hivyo unanunua paipu nzima. Dizeli za kizamani kama Hilux hazitegemei menifodi: mara nyingi pampu ya vakyumu iko nyuma ya alteneta, anzia hapo.

Kabla hujafungua chochote, pima kwa mguu. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Iendelee kushikiliwa, washa gari. Ikishuka kidogo chini ya mguu, mfyonzo unafika. Acha injini iungurume dakika moja au mbili, zima, subiri dakika chache, kisha kanyaga. Kanyago la kwanza na la pili yanatakiwa yawe laini. La kwanza likiwa gumu, akiba imevuja, na valvu ndiyo mshukiwa wa kwanza kwa sababu ndiyo rahisi kuliko vyote.

Ukisikia "shiii" karibu na pedali, au injini inatetemeka gari likiwa limesimama na mashine ya kupima hitilafu inatoa P0171 (kodi ya hewa kuzidi petroli), bana paipu kwa plaizi uliyoizungushia kitambaa. Injini ikitulia, hewa inaingilia mbele ya pale ulipobana, kuelekea haidrovaki. Kagua pia nyufa za paipu na ule mpira wa duara. Ukikauka, hata valvu mpya haitasaidia.

Kuitoa, zungusha huku unavuta. Usitie bisibisi kwa nguvu, mpira utadumbukia ndani ya haidrovaki na hapo utajuta. Wakati wa kurudisha, lowesha mpira kwa maji kidogo. Mimi sinunui valvu ya mtumba. Mpira wake wa ndani umeshakula mvuke wa petroli na oili kwa miaka, kama wa ile unayoitoa.

Ukichomoa na kukuta unyevu wenye harufu ya mafuta ya breki ndani ya haidrovaki, basi masta silinda inavuja kwa nyuma, na yule fundi wa kwanza angekuwa sahihi. Kwangu palikuwa pakavu.

Na wale mnaozima injini mnapoteremka ili kuokoa mafuta: hata valvu nzima inawapa makanyago mawili matatu tu, na kutoka Lushoto mpaka Mombo kona ni nyingi kuliko hizo.