Kidonda Kidogo, Fujo Kubwa

Nimejikata kwa kisu. Nimwagie spiriti au peroksaidi?

Hata kimoja. Swali hili linarudi kila wiki. Peroksaidi haichagui: mapovu yale yanaua vijidudu pamoja na chembe changa zinazokuja kuziba pengo. Kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kuchungulia, maana kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Kisha osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 5 au zaidi, sabuni iishie pembeni. Paka mafuta ya mgando, funika kwa plasta, ibadilishe kila siku au ikilowa.

Na nyinyi mnaopasua kapsuli za antibayotiki na kunyunyiza unga wake: unga huo ni wa kumezwa. Juu ya kidonda unagandamana, unaficha usaha na kuzoesha vijidudu dawa.

Si bora kiachwe wazi kikauke?

Hapana. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majeraha ya nguruwe, kwamba kidonda chenye unyevu hufunga ngozi haraka kuliko kilichokaushwa. Gaga gumu huilazimisha ngozi mpya kupita chini yake.

Siku ya pili kimevimba na kina joto. Kimeingia uchafu?

Si lazima. Siku 2 au 3 za mwanzo ndivyo mwili unavyojisafisha. Kinachotisha ni maumivu na uvimbe kuzidi baada ya hapo. Zungushia kalamu ukingo wa uvimbe. Ukivuka mstari, nenda hospitali. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo pima joto kwa mgongo wa kiganja. Usaha, homa, mtoki au mchirizi unaopanda mkononi au mguuni: siku hiyohiyo.

Mwenye kisukari na kidonda cha mguu asingoje dalili hizo. Aende sasa.

Nitajuaje kama kinahitaji kushonwa?

Kingo zimeachana, mafuta ya chini ya ngozi yanaonekana, au damu haikomi baada ya kukandamiza. Nenda saa hiyohiyo, si kesho. Taja pia chanjo yako ya mwisho ya pepopunda: kwa jeraha chafu, ikipita miaka 5 huchomwa nyingine.

Mbwa amenikwaruza kwa meno, damu kidogo tu. Nisubiri?

Usisubiri! Sabuni na maji dakika 15, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa leo. Dalili zikishaanza, ni karibu kifo cha hakika.

Kovu litaisha lini?

Haliishi. Hufifia kwa mwaka mmoja au zaidi, ukilikinga na jua na kuacha kulichokonoa.